Mjane wa Naini Mwenye Kope za Bandia

Atuganile alikuwa na tabia moja kanisani ambayo mchungaji wake hakuijua. Wenzake walipofumba macho kuomba, yeye aliyafumbua. Alipenda kuwatazama watu wa Mungu wakati hawajui kama wanatazamwa. Aliwaona wanaojikuna, wanaochungulia simu ndani ya mkoba, na mzee mmoja wa kanisa wa safu ya mbele aliyekuwa akilia kwa kwikwi kubwa bila tone la chozi. Akishamaliza kuwakagua alisonya kwa ndani, akafumba macho upesi ili aiwahi amina.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyeuza mapazia ya mtumba katika soko la Tandika. Watu walimwita Mama Gwakisa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, mtu wa kurudi nyumbani kama mgeni: anakula, analala, anauliza habari za watoto, anaondoka. Kwa hiyo maisha yake Atuganile yalikuwa sehemu mbili tu, meza ya mapazia na Kwaya Kuu ya usharika wao kule Kijichi. Mapazia aliyapenda. Kwaya aliidharau, na hakuwahi kukosa mazoezi.

Ilikuwa kwaya yenye kamati nyingi kuliko nyimbo. Kamati ya sare, kamati ya safari, kamati ya nidhamu, na mwaka wa uchaguzi ikaundwa kamati ya kupendekeza kamati. Mwenyekiti wao, Elibariki, alikuwa muuza saruji na nondo wa Mbagala Rangi Tatu, mtu wa suti nzito kwenye joto kali, ambaye hakuweza kutangaza hata kupotea kwa sufuria ya kwaya bila kusema Roho amemshuhudia. Roho alimshuhudia kuhusu rangi ya kitenge. Roho alimshuhudia kwamba akina mama wa sauti ya pili wavae viatu vya kisigino. Atuganile, ambaye magoti yalishaanza kumsumbua, alitamani kujua kwa nini Roho huyo hajawahi kumshuhudia Mwenyekiti kufika mazoezini kwa wakati.

Na mnada baada ya ibada! Boga moja lililetwa madhabahuni na bibi fulani kwa moyo mweupe, likawa uwanja wa vita vya wakubwa. Huyu anapandisha, yule anapandisha, mshindi analipia halafu analirudisha linadiwe tena, ili watu wampigie makofi mara ya pili.

"Boga lenyewe lina akili kuliko wao," alimwambia Hamisa Jumatatu iliyofuata. "Limekaa kimya."

Hamisa alikuwa jirani yake wa sokoni, muuza mashuka, Mzaramo wa hapo hapo Temeke. Kanisani hajawahi kukanyaga, lakini kwa hadithi za Atuganile aliwajua wanakwaya wote kwa majina na kwa vituko vyao.

"Sasa shoga, kama unawaona hivyo, Jumamosi unafuata nini kule?"

"Nafuata kuimba."

Na hilo lilikuwa kweli. Atuganile alikuwa na sauti. Ilikuwa ya chini, nzito, na ndani yake mlikuwa na mkwaruzo kama wa kaniki inayochanwa polepole. Waumini waliosinzia wakati wa mahubiri waliamka kwaya ikisimama, na walipoisikia sauti hiyo hawakusinzia tena. Yeye mwenyewe hakuifanyia makuu. Aliiona kama mikono yake tu, kitu alichozaliwa nacho na ambacho kina kazi.

Mwalimu wa kwaya, Edgar, alikuwa fundi umeme, kijana mwembamba mwenye aibu, aliyetunga vizuri na kujitetea vibaya. Ndiye aliyetunga wimbo wa mjane wa Naini, yule mama wa kwenye Injili aliyekuwa akimsindikiza mwanawe wa pekee kwenda kuzikwa. Katikati ya wimbo sauti zote zilishuka, zikabaki kuvuma tu kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza, na mama akaimba peke yake:

*Mbebeni polepole, mwanangu ana usingizi mwepesi.*

Edgar hakuuliza kamati yoyote. Alimpa Atuganile sehemu hiyo, na mara ya kwanza alipoiimba mazoezini, Vaileth wa sauti ya kwanza, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, aliinuka akaenda nje kujifanya anatafuta maji.

Walirekodi wimbo huo kwenye studio moja ya uani kule Mwenge. Atuganile aliingia kwenye kile chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akaimba, akatoka. Kijana wa mitambo akamwambia, "Mama, hapo nimekosea mie, naomba urudie." Akarudia. "Samahani mama, nimekosea tena." Atuganile akamtazama kupitia kioo, akajua kwamba hakuna kilichokosewa. Siku hiyo hakumdharau mtu.

Siku ya video ndipo mambo yalipoharibika.

Mwenyekiti alishuhudiwa kwamba wimbo wa mjane wa Naini upigwe picha kwenye hoteli ya ufukweni Kigamboni. Wakavuka daraja asubuhi wakiwa na sare za kitenge cha zambarau na vilemba vilivyowasimama vichwani kama mnara. Hotelini palikuwa na bustani, bwawa la kuogelea, na gari jeupe la kifahari la mgeni fulani wa hoteli, ambalo Mwenyekiti aliomba waimbe mbele yake kabla mwenyewe hajaamka. Akina mama wa sauti ya pili walizama mchangani na visigino vyao, wakachomoana mmoja mmoja kama mihogo.

"Naini kulikuwa na swimingipuli?" Atuganile alimuuliza Edgar.

Edgar akaangalia chini. "Mama Gwakisa, mie sikuhusishwa."

Dairekta wa video aliitwa Benson, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa na sauti ya kuwaamrisha watu waliomzidi umri maradufu. Alimwangalia Atuganile juu mpaka chini, kisha akamvuta Mwenyekiti pembeni. Wakanong'ona. Mwenyekiti akaja akifuta jasho, na tabasamu lake lilikuwa limeshafika kabla yake.

"Mama Gwakisa, Bwana asifiwe."

"Amina. Sema."

"Ni hivi. Sauti yako ni baraka, hakuna anayebisha. Ila video ni soko. Watu wa siku hizi wanaangalia kwanza, wanasikiliza baadaye. Sasa tumeona ile sehemu ya mjane asimame Lusungu. Sauti inabaki ile ile yako. Yeye anafumbua midomo tu."

Lusungu alikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee aliyejiunga na kwaya mwaka huo, mrembo, mwembamba, mwenye sauti ya kwanza ndogo kama ya kifaranga. Alikuwa amesimama karibu na bwawa, anapulizwa poda na msichana mwingine. Alibandikwa kope za bandia, ndefu, nyeusi tii, kila akipepesa unadhani vipepeo wawili wamemtua usoni.

"Mjane huyo?" Atuganile akasema.

"Ni uigizaji tu, Mama Gwakisa."

"Amefiwa na mume lini, huyo? Mtoto wa kumzika amempata wapi? Kope zenyewe hizo akilia zitamdondokea mdomoni."

"Tusiwe na roho hiyo, dada yangu. Kazi ya Bwana haina mimi wala wewe."

"Ina Lusungu, lakini."

Mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe, akampigapiga begani na kumwonyesha nafasi yake: safu ya nyuma kabisa, pembeni, kwenye kivuli cha mti wa mkanju.

Angeweza kuondoka. Alilifikiria jambo hilo, akaona kwamba njia kutoka pale mpaka barabarani ilikuwa ndefu kwa visigino, na kwamba kuondoka kungewapa hadithi ya kuombea mwezi mzima. Akasimama. Spika zikafunguliwa, sauti yake mwenyewe ikamwagika juu ya bwawa la kuogelea, na mbele yake Lusungu akanyoosha mikono, akapepesa vipepeo vyake, akafumbua na kufumba midomo. Wanakwaya wote wakafumbua midomo. Atuganile akaufunga wa kwake.

"Mama wa nyuma pale!" Benson akapaza sauti. "Mama, midomo!"

"Sauti yangu ishatoka huko kwenye spika," akajibu. "Nikiitoa mara mbili itakuwa uroho."

Wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Walirudia, na safari hiyo kamera ikageuzwa kidogo ili mti wa mkanju usionekane.

Uzinduzi ulikuja na mgeni rasmi, keki yenye umbo la Biblia, na hotuba tatu zilizosema kitu kimoja. Video ikawekwa mtandaoni, na kwa sababu ambazo hata Mwenyekiti hakuzitegemea, ikapendwa. Ikawa kwenye stetasi za watu, kwenye vibanda vya kuchajia simu, kwenye saluni za Mbagala. Watu walianza kumwita Lusungu "Mama Naini". Sharika nyingine zikamwalika, akaenda, ikawekwa flashi yenye wimbo, akafumbua midomo, akatunzwa. Kamati ya mialiko ikaundwa.

Siku moja sokoni mteja alikuwa anachagua pazia huku simu yake ikiimba wimbo huo mkobani. Alikuwa dada mchangamfu wa kazi za ofisini, mwenye kitambulisho shingoni.

"Huyu dada Mungu amemjalia," akasema. "Binti mdogo lakini sauti kama ya mtu mzima aliyepigwa na maisha."

Hamisa hakuweza kujizuia. "Sauti ya huyu hapa hiyo. Huyu anayekuuzia pazia."

Dada yule akamtazama Atuganile, akatazama kitambaa alichojifunga kiunoni, kandambili zake, na vidole vilivyojaa vumbi la mitumba. Akacheka, bila ubaya wowote, kama mtu aliyechekeshwa. "Jamani nyie wa Tandika kwa utani!" Akachukua pazia lake akaenda.

Atuganile alikunja mapazia yaliyokuwa yamekunjwa tayari. Hamisa akajutia mdomo wake, akamnunulia chai, na chai ikapoa pale mezani.

Jumamosi hiyo hakwenda mazoezini, wala iliyofuata. Alishinda nyumbani akifua vitu visivyo vichafu. Ikifika saa ya mazoezi shingo ilimgeukia mlangoni yenyewe, akaikemea. Hakumkumbuka Mwenyekiti wala sare. Alichokosa ni kile kitambo kidogo kabla ya wimbo kuanza, Edgar akiwa ameinua mkono na kila mtu amejaza pumzi, hata wale wapumbavu.

Kwaya haikuuliza habari zake mpaka kamati ya ufuatiliaji ilipoundwa. Walikuja Jumapili mchana, watu watano, Mwenyekiti akiongoza, wakajaza sebule yake, wakanywa soda zake, wakamwuliza habari za mume bila kusubiri jibu. Kisha Mwenyekiti akasema angependa waombe.

"Bwana," akaanza, na sauti yake ikapanda kama anawaombea walioko mtaa wa pili, "tunavunja roho ya uchungu ndani ya nyumba hii! Tunaivunja roho ya wivu! Tunaing'oa roho ya kutaka kuonekana!"

Wenzake wanne wakaitikia kwa nguvu. Atuganile alikuwa macho wazi. Aliangalia soksi za Mwenyekiti: moja ilikuwa ya bluu, nyingine nyeusi. Mtu ambaye asubuhi alishindwa kuzipatanisha soksi mbili, mchana amekuja kuing'oa roho yake. Kicheko kilimpanda tumboni, akakibana, mabega yakatikisika, na Mwenyekiti alipofumbua jicho moja na kumwona anatikisika, akadhani maombi yamefika.

"Asante Yesu!" akasema.

"Mmemaliza?" Atuganile akauliza. "Mama Gwakisa hana roho ya kutaka kuonekana. Angekuwa nayo, angenunua boga."

Waliondoka wakiwa hawajaelewa, lakini wakiwa wamenuna. Vaileth baadaye alimpa habari kwamba katika taarifa ya kamati iliandikwa: ndugu yetu bado ni mgumu.

Wiki mbili baadaye, katikati ya asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuyachoma mabati ya soko, Lusungu alisimama mbele ya meza ya mapazia. Alivaa gauni la kawaida na ndala. Kope za bandia hakuwa nazo, na bila hizo alionekana kama mtoto wa shule aliyetumwa dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka pazia?"

"Hapana mama."

"Basi unazuia wateja."

Hamisa, kule kwenye mashuka yake, akanyamaza kabisa ili asikie.

Lusungu alianza kueleza, akajichanganya, akaanza upya. Kulikuwa na mama mmoja wa Kongowe, muuza vitumbua, si wa usharika wao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyeitwa Audax, ameugua muda mrefu na juzi amefariki. Mama huyo alituma watu kwa Mwenyekiti: anaomba yule dada wa mjane wa Naini aje amwimbie mwanawe kesho makaburini. Mwenyekiti alikubali palepale.

"Mie nikamwambia siwezi, kule hakuna umeme wala nini. Akasema atanunua spika ndogo ya kuchaji, nitaishika mkononi niifiche kwenye shada la maua."

Atuganile aliposikia hivyo, pazia lilimponyoka mkononi. "Kwenye shada?"

"Ndiyo mama."

"Kwenye shada la maua la marehemu."

"Alisema Roho—"

"Usinimalizie." Akaokota pazia, akalikung'uta kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. "Si umetunzwa huko ulikoalikwa? Si unaitwa Mama Naini? Nenda kaimbe. Unafuata nini kwa muuza mitumba?"

Machozi yalimtoka msichana, na hayakuwa ya kuigiza. "Mie sikuomba, mama. Siku ile Kigamboni niliambiwa wewe umekubali. Nikaambiwa umesema magoti yanakuuma. Nilikuja kujua baadaye, na nikaogopa kusema kwa sababu kila mtu alikuwa ananipenda." Akajifuta na kiganja. "Nilikwenda msibani jana usiku. Yule mama aliniambia walipokuwa hospitali alikuwaga anaiweka simu kwenye mto wa Audax, sauti ndogo kabisa, ule wimbo. Kijana ndio anapata usingizi. Akanishika mikono akanishukuru. Mama, alinishukuru mie!"

Atuganile alimtazama. Alitaka kumdharau na akaona kwamba anaweza, haikuwa kazi ngumu. Msichana alikuwa mwoga, mpenda sifa, na kamasi zilikuwa zinamtoka. Lakini kati ya watu wote wa kwaya ile, waliokuja na suti na maombi, huyu peke yake ndiye aliyekuja kusema alichokifanya.

Akakunja pazia, akaliweka juu ya mengine.

"Kesho saa ngapi?"

Makaburini Chamazi palikuwa na jua na upepo wa vumbi. Watu hawakuwa wengi. Atuganile alivaa khanga zake za msibani, akasimama nyuma ya Lusungu, karibu kiasi cha kumgusa. Walikuwa wamekubaliana: msichana aanze, kwa kuwa ndiye aliyeitwa na mama, na likimshinda asigeuke nyuma, anyamaze tu.

Mama Audax alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, huku na huku. Alikuwa mwembamba, kichwa kimeinamia kifuani kana kwamba shingo imekatika. Mchungaji wa kwao alisoma, akaomba kwa ufupi, na Atuganile alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha wanaume wakashika kamba.

Lusungu akaanza. Sauti yake ndogo ilitoka, ikatetemeka, ikafika ubeti wa pili. Wimbo ulipofika kwenye mlango wa mji wa Naini, pale mama anapobaki peke yake, ikakatika. Kamba zikalia mikononi mwa wanaume.

Atuganile akaimba kutoka nyuma:

*Mbebeni polepole, mwanangu ana usingizi mwepesi.*

Hakuimba vizuri kama kule Mwenge. Vumbi lilimkaba, mstari mmoja akausahau, na mahali fulani sauti ilipasuka akaiacha ipasuke. Lakini wanaume waliokuwa wanashusha jeneza, bila kuambiwa na mtu, wakapunguza kasi. Likashuka polepole mno, kama wanaogopa kumwamsha. Mama Audax alitoa sauti moja ya chini, kisha akatulia, midomo yake ikawa inacheza. Alikuwa anayafuata maneno.

Hakuinua kichwa. Tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho hakutazama nani anaimba, kama ni mzee au kijana, mbele au nyuma. Atuganile aliliona hilo, akaona aibu kidogo kwa miezi yote aliyoigombea safu ya mbele moyoni mwake. Halafu akaikasirikia aibu hiyo, maana kosa halikuwa lake.

Watu walipoanza kurusha udongo, Mwenyekiti alifika, amechelewa, na miwani yake ya jua. Mkononi alikuwa na simu. Alimpiga picha Lusungu akiwa analia, akazunguka upande wa pili akampiga tena.

Jumapili, kwenye matangazo, ambayo kama kawaida yalikuwa marefu kuliko mahubiri, Mwenyekiti alisimama kutoa taarifa ya kwaya. Akasema huduma inasonga mbele. Akasema wiki hii dada yetu Lusungu amekwenda kumfariji mama aliyefiwa, na watu wengi wamebarikiwa na sauti yake. Akaomba makofi ya shukrani kwa Bwana.

Makofi yakapigwa. Lusungu akasimama. Watu wakadhani anataka kushukuru.

"Aliyeimba kule makaburini ni Mama Gwakisa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti cha kwaya kilikuwa mbele yake. "Na kwenye video pia ni yeye. Sauti yote ni yake. Mie nilikuwa nafumbua midomo."

Atuganile, aliyekuwa amekaa katikati ya waumini kama mgeni, aliinua shingo kuwatazama watu. Sasa, akajiambia. Sasa watasema nini?

"Amina," akasema mzee wa kanisa wa safu ya mbele, kwa mazoea. Wengine wakaitikia, "Amina." Na mtangaza matangazo akasogelea kipaza sauti akasema kuna mwavuli mweusi umeokotwa chooni, mwenyewe aje amwone katibu.

Atuganile akaangua kicheko. Alicheka kwa sauti mpaka jirani yake akamwangalia, akajifunika mdomo na khanga na bado akacheka. Miezi yote ile alikuwa amejiandalia siku ukweli utakaposemwa: alivyoiona kichwani, kulikuwa na minong'ono, watu kuinuka, Mwenyekiti kutota jasho. Kumbe hata mwavuli ulikuwa na uzito kuliko yeye. Watu hawa hawakumwonea kwa ubaya. Hawakuwa wanasikiliza, basi. Hawajawahi kusikiliza chochote, labda isipokuwa wakati wa kuimba.

Nje, Mwenyekiti alikuwa amembana Lusungu kando ya tangi la maji. "Umeidhalilisha kwaya! Umetuvua nguo mbele ya usharika! Kamati ya nidhamu itakaa—"

"Itakaa, tunajua," Atuganile akasema, akijisogeza katikati yao. "Kamati zenu zinajua kukaa tu. Mwenyekiti, huyu mtoto ulimtia uongo mdomoni, akautema. Ungemshukuru hajakutemea usoni. Na ile spika ya kuficha kwenye shada, nikisikia tena habari yake, mie nitasimama kwenye matangazo, na mie, unajua, sauti yangu haihitaji kipaza."

Mwenyekiti akatafuta neno. Akatafuta na Roho, naye siku hiyo hakushuhudia kitu. Akasema atamwombea, akaondoka.

Lusungu akataka kumshukuru. Atuganile akainua mkono kumzuia.

"Usinianzie. Unaimba vibaya. Unaimba na koo, kama mtu anayemeza dawa. Jumanne uje sokoni mchana, wateja wakipungua."

Alikuja Jumanne, akaja na Jumanne nyingine. Aliimba katikati ya mapazia yaliyotundikwa, na Hamisa akageuka hakimu, akitoa hukumu zake kutoka kwenye mashuka: "Hapo bado," "Hapo afadhali." Atuganile alimtukana kwa kila pumzi aliyoivuta vibaya. Msichana alilia mara mbili, akazoea.

Na Jumamosi moja Atuganile alirudi mazoezini. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakuwa ameitegemea. Alimkuta Mwenyekiti akieleza kwamba albamu ya pili itapigwa picha Zanzibar na kwamba zambarau imepitwa na wakati. Vaileth alikuwa anabishana na mtu kuhusu vilemba. Wawili walikuwa wamesinzia. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, na dharau yake ikawa ile ile, nzima, haijapungua hata chembe. Akavuta kiti, akakaa sauti ya pili.

Lusungu akatoka sauti ya kwanza, akaja kukaa pembeni yake.

"Huku ni kwa watu wazima," Atuganile akasema.

"Mwalimu amesema nijaribu, mama."

Edgar, kule mbele, akajifanya anapanga karatasi. Kisha akainua mkono, na kelele za vilemba zikafa. Kila mtu akajaza pumzi. Atuganile akamgusa msichana kiunoni, kwa nguvu, pale pumzi inapotakiwa kukaa.

"Hapa," akanong'ona. "Si kooni. Hapa."